Jibini Aliyoleta Mjukuu

Wapendwa, Jumapili ijayo wengi wenu hamtakuwa hapa. Mtakuwa barabarani na mizigo, au mtakuwa nyumbani mkiwapokea wenye mizigo. Kwa hiyo leo, kabla hamjatawanyika, nataka niwape mfano mmoja wa kwenda nao. Kwaya, mnaweza kukaa. Na nyie mama zangu wa benchi la mbele, mfano huu unawahusu, msianze kugeuka nyuma kumtafuta mwenye makosa.

Palikuwa na bibi mmoja huko mlimani, mjane, mwenye shamba la migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Alijaliwa watoto watano. Wanne walikuwa wakipanda mlima kurudi nyumbani kila Desemba na familia zao, kama mnavyopanda nyie, na nyumba ikijaa mpaka watu wanalala sebuleni. Wa tano, kitinda mimba wake, alikuwa Marekani. Alikwenda kusomea uuguzi, akaolewa huko, akajifungulia huko, na miaka kumi ikakatika hajarudi. Bibi alimjua mjukuu wake kwa simu tu, ile ya kuonana sura, ambayo mtandao ukigoma mtoto anabaki ameganda, jicho moja wazi na jingine limefumba.

Sasa mwaka huo binti akapiga simu, akasema, "Mama, Krismasi hii tunakuja. Mimi na mtoto. Baba yake kazini hawajamruhusu." Mtoto mwenyewe wa kike, miaka saba. Nani kati yenu anaweza kuieleza furaha ya yule bibi? Aliwatangazia majirani, akamtangazia daktari wa ng'ombe, akamtangazia hata fundi aliyekuja kuziba bati.

Lakini si furaha tu. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua moyoni. Katika ukoo ule walikuwa na desturi: siku ya Krismasi, sufuria la machalari likishafunuliwa, Bibi huchota tonge la kwanza, ndizi na nyama, akamlisha kwa mkono wake yule aliyekuja nyumbani kwa mara ya kwanza. Awe mjukuu, awe mkwe. Mpaka huyo ameze, hakuna anayegusa sahani. Ndivyo mtu alivyofanywa wa nyumba ile. Wajukuu kumi na wanne walishalishwa. Huyu wa Marekani alikuwa bado. Na Bibi alikuwa na miaka sabini na minane, magoti yamechoka, moyo unampiga ovyo akipanda kilima. Kama mtoto yule angechukua miaka mingine kumi kuja, Bibi asingekuwepo. Alilijua hilo na lilimuuma.

Basi, siku tatu kabla ya sikukuu, gari likaingia. Binti akashuka, wakakumbatiana, wakalia, wakaachana, wakaangaliana, wakalia tena. Mtoto akashuka nyuma yake na kibegi mgongoni. Alisimama mbele ya Bibi, akafungua kile kibegi, akatoa pakiti, akaishika kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kwa kusitasita, kama mtu aliyefundishwa jana.

"Bibi, shikamoo. Nimekuletea."

"Marahaba, mama yangu! Asante. Umekuwa mkubwa!"

Bibi aliipokea pakiti kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukimvuta mtoto kifuani. Huyo mtoto alinukia sabuni ya mbali. Bibi hakuwa na haja ya kitu kingine chochote duniani saa ile.

Ndani ya pakiti mlikuwa na nini? Nitawaambia. Mlikuwa na jibini. Lakini si jibini kama ile wanayotengeneza watawa, ngumu, ya mviringo, ambayo ukiikata inanukia zizi. Hapana. Hii ilikuwa ya kiwandani: vipande vya mraba, vyembamba, vya rangi ya chungwa, kila kimoja kimevalishwa nailoni yake kama shati jipya. Wanaojua wananiambia kwamba huko wanaiyeyusha jibini ya kweli, wanaitia chumvi na unga wa maziwa na mafuta na vitu vingine vyenye majina marefu, wanaimwaga kwenye mashine, inatoka yote ya unene mmoja. Ukinusa haina harufu. Ukiiweka mwezi mzima haibadiliki. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba bibi mwenye ng'ombe wawili aliitazama na hakuona chakula.

Akaenda nayo jikoni. Jikoni alikuwepo wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke ambaye ulimi wake haujui likizo. Wifi akaichukua, akaigeuzageuza, akaiminya.

"Hii ni ya kula au ni ya kufulia?"

Wanawake wote jikoni wakaangua kicheko.

"Ng'ombe wako hapo nyuma wanakamuliwa asubuhi na jioni," Wifi akaendelea, "halafu tunaletewa maziwa ya plastiki kutoka ng'ambo! Miaka kumi, wifi yangu! Miaka kumi, hiki ndicho kilichopatikana?"

Bibi naye alicheka. Alicheka kwa sababu wote walicheka. Lakini lile neno la miaka kumi lilimchoma, na alipomaliza kucheka alisema, "Mpe mbwa." Mbwa akapewa. Mbwa wa mlimani hana maringo, alikula vyote. Na jambo lile likaisha, au Bibi alidhani limeisha.

Jioni ile akapika mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mtori wa yule bibi, wapendwa, watu walikuwa wanatoka na magari yao mjini kuufuata. Akamwekea mjukuu bakuli dogo. Mtoto akalitazama, akamtazama Bibi, akatikisa kichwa polepole. Hakukunja sura wala hakusukuma bakuli. Alikataa kwa adabu kabisa, na nadhani hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Kesho yake Bibi akaleta maziwa mgando. Akatikisa kichwa. Bibi akachinja kuku. Akatikisa kichwa. Kila mara mtoto alikwenda kwenye begi la mama yake, akatoa mkate na kipande cha jibini ileile, akakaa kwenye kizingiti, akala peke yake huku akiwatazama watu waliokuwa ndani.

"Mama, usimjali," binti akasema, naye mwenyewe amechoka na safari. "Kule ndivyo tunavyokula. Asubuhi maziwa baridi na vile vitu vikavu vya kwenye boksi. Mchana mkate na jibini. Jioni kila mtu anapasha cha kwake saa anayorudi. Mezani pamoja tunakaa mara moja kwa wiki, tukijitahidi."

"Na anayepika ni nani?"

"Kiwanda, Mama."

Bibi alimtazama binti yake, akaona mifupa ya mabega inavyojitokeza kwenye gauni, akamwonea huruma. Maana binti alikuwa hana kosa. Alikuwa ameamka alfajiri miaka kumi kwenda kuwaogesha wazee wa watu, na hakuna mama jirani wa kumtilia hata chumvi kwenye sufuria. Lakini huruma haikulifuta lile neno la miaka kumi. Na Wifi naye hakusaidia. "Mtoto ametuona wachafu," alikuwa akinong'ona kila alipopita. "Huyo si wetu tena. Amini nakwambia."

Kidogo kidogo Bibi akaanza kuamini. Mnajua inavyokuwa. Neno likirudiwa mara tatu jikoni, la nne unalisema mwenyewe. Akajiambia: siku ya Krismasi, mbele ya watu wote, nitamlisha. Akila, ni wangu. Asipokula, basi nitakuwa nimejua.

Krismasi ikafika. Wakatoka kanisani, wakakaa chini ya turubai, watu arobaini. Sufuria likafunuliwa, mvuke ukapanda, watu wakaanza kumeza mate. Bibi akavaa kitenge kipya, akachukua sahani, akachota ndizi iliyoiva mpaka imelainika, akaweka juu yake kipande cha nyama chenye mafuta, akapuliza. Mjukuu akaitwa mbele. Akaja, kagauni keupe, soksi nyeupe. Simu zikainuliwa kupiga picha.

Bibi akanyoosha mkono na tonge.

Mtoto akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Simu zikaanza kushushwa, moja baada ya nyingine. Wifi akasikika: "Si nilisema mimi." Binti akaruka kutoka kwenye kiti, uso umemwiva kwa aibu. "Fungua mdomo! Fungua mdomo sasa hivi, usiniaibishe!"

"Mwache," Bibi akasema. Mafuta ya tonge yalikuwa yanamdondokea kwenye kitenge. Angeweza kuliweka tonge lile sahanini na kwenda zake ndani kulia. Wengi wetu tungefanya hivyo, tena tungebamiza mlango. Lakini alifanya jambo ambalo siku tatu nzima hakuna mtu mzima aliyelifanya katika boma lile. Alimuuliza mtoto.

"Mama yangu, bibi yako amekukosea nini?"

Mtoto akatazama viatu vyake. Alisema polepole, akitafuta neno moja moja: "Bibi hajala changu."

"Chako kipi?"

"Nilichokuletea. Mama aliniambia. Kwa Bibi, mtu akija na chakula, Bibi anakikata siku ileile. Watu wote wanaonja. Ndiyo wanasema karibu. Ndiyo unakula cha Bibi." Akameza mate. "Mimi nasubiri. Nina njaa lakini nasubiri."

Wapendwa, yule bibi alishusha ule mkono wenye tonge. Kwa sababu ilikuwa kweli. Ilikuwa desturi ya nyumba ile ile, na aliyeifundisha ni yeye mwenyewe. Mtu akifika na chakula, hata awe amekuja na ndizi mbivu tatu mkononi, kinaliwa siku hiyo hiyo naye akiwepo, kila mtu aonje, hata kama ni kidogo kiasi gani, ndipo akaribishwe kwenye sufuria. Alimfundisha binti yake alipokuwa mdogo. Na binti, huko ng'ambo kwenye theluji, akamsimulia mwanawe, tena na tena, ili mtoto akifika asiwe mgeni. Yule mtoto alikuja amejifunza desturi yetu kuliko sisi. Alikwenda dukani na mama yake akachagua mwenyewe kitu alichokiona kitamu kuliko vyote. Na siku tatu alikaa kizingitini akisubiri wenye nyumba waifuate desturi yao. Hakuna aliyekumbuka, hata mama yake kwa uchovu wa safari, maana kule jikoni hakuna aliyekihesabu kuwa ni chakula.

Sasa nijibuni. Siku zile tatu, nani alikuwa anakataa chakula cha nani?

Wifi akamsogelea Bibi sikioni. "Mwambie ulikula chumbani. Mtoto atajuaje?"

Na ni kweli, mtoto asingejua. Bibi aliuwaza uongo ule. Ulikuwa mwepesi, ulikuwa tayari mdomoni, na watu arobaini wangemshukuru kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Akapiga moyo konde.

"Mama yangu," akasema, "chakula chako sikukila. Nilikipa mbwa."

Macho ya mtoto yakajaa. Midomo ikacheza. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mbwa alikipenda?"

"Alikipenda sana. Alimaliza chote."

Mtoto akafikiri kidogo juu ya hilo. Na Bibi, mwenye sufuria la watu arobaini, mwenye mbuzi aliyechinjwa na ndizi mikungu sita, akafanya ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe katika boma lile. Aliweka sahani chini, akafungua viganja vyake viwili mbele ya mtoto wa miaka saba, akaomba chakula.

"Una kingine? Nipe na mimi. Nisamehe, mama. Naomba."

Mtoto akakimbia ndani. Akarudi na vipande viwili vya mwisho, alivyowekewa avile kwenye ndege ya kurudi. Bibi hakujua nailoni inafunguliwa wapi, mtoto akamfungulia. Kikaletwa kisu. Vipande viwili vile vikakatwa, vikakatwa tena, mpaka kila mmoja akapata chembe kama punje ya hindi. Wifi naye akapewa ya kwake, akaila, akanyamaza. Sitawaambia jambo lile linafanana na nini. Mmekaa kanisani miaka mingi.

Bibi akafungua mdomo. Mtoto akamlisha.

Ilikuwaje? Siwezi kudanganya nikiwa nimesimama hapa: ilikuwa mbaya. Ilikuwa na chumvi, ilinata kwenye kaakaa kama gundi, na Bibi alihangaika nayo kwa ulimi huku watu wakimtazama. Lakini alimeza, akasema, "Nimeonja. Karibu nyumbani, mama yangu." Binti alikuwa analia waziwazi, hajifichi. Na yule mtoto akafungua mdomo wake wazi kabisa mpaka wakaona pengo la meno mawili.

Msidhani alimaliza sahani. Alikula matonge manne, akasema ndizi ni nyingi, akaenda kucheza. Sijaja kuwaambia kwamba alianza kuupenda mtori. Huenda mpaka leo haupendi. Watu arobaini wakala, mbwa akapewa mifupa, na Januari binti na mtoto wakaondoka kama walivyokuja.

Sasa nageuka kwenu. Nimewaona mkicheka ile jibini, na mimi niliwachekesha makusudi. Lakini sisi ndio wale wa jikoni. Sisi tunajua kupika, tunajua kukaribisha, tunajua kumjazia mtu sahani mpaka aombe msamaha. Kutoa tumefundishwa. Kupokea je? Anayetoa anakaa juu, na sisi tunapenda kukaa juu. Mkwe wako ametoka pwani, ameamka mapema akapika wali wake wa nazi, ukamwambia weka pale, na ukakaa pale umefunikwa kawa mpaka ukachacha. Mwanao amekuletea redio kwa mshahara wake wa kwanza, ukasema ungeleta mbolea. Halafu tunashangaa kwa nini wanakaa kizingitini.

Na kuna jambo zito kuliko chakula. Kuna ndugu yako ambaye hamsemezani, mwaka wa tatu huu. Krismasi hii atakuja, na atakuletea neno. Halitakuwa neno zuri. Hatasema "nisamehe" kama unavyotaka wewe. Atasema, "Migomba yako mwaka huu imestawi." Basi. Limefungwa vibaya, halina ladha, limetoka mbali, na utataka kumtupia mbwa. Ndugu yangu, ndilo alilonalo. Amelibeba safari nzima. Lionje siku hiyo hiyo, naye akiwepo, hata likikunata kooni.

Maana tunaadhimisha nini wiki hii? Mungu alipotaka kuwa wa nyumba yetu, hakuja na sufuria lililojaa. Alikuja mtoto mchanga mwenye njaa. Yeye anayelisha viumbe vyote alifungua mdomo, akasubiri binti wa watu amnyonyeshe. Akakubali kupewa. Sasa wewe na mimi ni nani hata tuone aibu kupokea kwa mkono wa mtu?

Tusimame. Tutanyamaza kidogo kabla ya kuomba. Kuna mtu hapa, na si mmoja, ambaye jina la nduguye limeshamjia kichwani nilipokuwa nasema. Usilifukuze. Na usingoje mpaka Krismasi. Simu mnazo mifukoni. Tukitoka hapa mpigie, na atakachokuambia, kipokee.